Mradi unaisha, mama anabaki: nani aongoze huduma za watoto wenye ulemavu wa ukuaji?

Kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunaongea na ninyi zaidi kuliko na mtu mwingine yeyote. Msikasirike kabla ya kufika mwisho.

Swali letu ni hili: nani anaongoza huduma za watoto wenye ulemavu wa ukuaji hapa kambini? Tunasema wale wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye Down, na wale wote waliochelewa kukaa, kutembea, kusema au kuelewa kuliko watoto wa rika lao. Tunauliza anayeongoza, siyo anayelipa, wala ambaye nembo yake imechorwa kwenye bango pale mlangoni. Anayeamua mtoto gani aanze, siku gani ya mazoezi, kiti kiende kwa nani, na nini kifanyike pesa zikipungua.

Kwenye karatasi jibu liko wazi. Kuna mratibu, chini yake afisa wa mradi, chini yake msaidizi, halafu sisi wa kujitolea tunaopewa posho ya insentivu. Huko chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho, kuna mtu anaitwa mnufaika. Huyo mnufaika ni mama wa mtoto. Sisi hilo neno limeanza kutuchosha. Mama anayebeba mgongoni mtoto wa miaka tisa kutoka zoni moja mpaka zoni nyingine ili apate nusu saa ya mazoezi, kisha anambeba tena kurudi jua la saa saba, huyo ananufaika na nini hasa? Yeye ndiye anafanya kazi. Sisi wengine tunamsaidia.

Tuchukue chakula peke yake, kwa sababu hapo ndipo tumejifunza mengi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi ana shida ya kutafuna na kumeza. Ulimi unasukuma chakula nje, shingo inalegea au inakakamaa kwenda nyuma. Ukimlisha amelala chali, uji unaweza kupita njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu, na nimonia inaanzia hapo. Kwa hiyo lazima akae, kichwa kiinamishwe kidogo mbele, kijiko kiingie kidogo kidogo, na umsubiri ameze. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Mara tatu kwa siku, hizo ni saa tatu. Sasa weka juu yake kwamba mgao ni unga wa mahindi na mbaragwe, na maharage ya kulainika mpaka mtoto huyu aweze kuyameza yanataka kuni nyingi, na kuni kila mtu anajua zilivyo tabu. Mama mmoja tunayemtembelea analoweka maharage usiku, anayamenya maganda kwa mkono, kisha anayaponda na kuchanganya na uji. Hakuna semina iliyomfundisha hiyo. Alipowaonyesha wenzake wanne, wote wakaanza kufanya hivyo hivyo, na wanasema watoto wao hawakohoi tena wakati wa kula kama zamani.

Je, huyo mama amewahi kuitwa kwenye kikao cha kupanga mradi wa lishe? Hapana. Wamemwita mara moja kupigwa picha.

Hatusemi hivi kwa kudharau wataalamu. Kuna mambo ambayo mama hawezi kuyajua kwa kuangalia tu. Kwa mfano, akina mama wengi hawajui kwamba mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo linalotokea mimba ikiwa tumboni, wakati wa kuzaa, au mtoto akiwa bado mdogo sana: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya kichanga, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini mtoto asiponyooshwa viungo na kukalishwa vizuri, misuli inafupika, magoti na nyonga vinakaza, na baadaye kumrudisha ni vigumu. Fizio ndiye anajua hayo na ndiye anatakiwa kuyafundisha. Vilevile Down siyo adhabu ya mama. Mtoto ana kromosomu 47 badala ya 46, basi. Mtu aliyesoma akilisema hilo mbele ya mama mkwe, linapunguza maneno ya uchawi nyumbani kuliko tukilisema sisi. Tumeona ndoa ikipumua kwa sababu ya sentensi moja kama hiyo.

Lakini kutibu ni kitu kimoja na kuongoza ni kitu kingine. Hapa kambini vitu hivi viwili vimefungwa pamoja, eti mwenye cheti cha kutibu ndiye mwenye haki ya kuamua kila kitu, mpaka rangi ya mkeka. Na mwenye cheti ana mkataba wa miezi sita, kumi na miwili akiwa na bahati. Anakuja, anajifunza majina, anajifunza njia za kupita kwenye vijiji, anaanza kujua kwamba mtoto fulani akilia hivi ana njaa na akilia vile ana maumivu, halafu mkataba unaisha. Anakuja mwingine na fomu mpya. Mama anaulizwa tena: alizaliwa lini, alilia alipozaliwa, ulipata shida gani ukiwa na mimba. Kuna mama ametuambia amejibu maswali hayo kwa watu saba tofauti. Safari ya saba akauliza, kwani yale majibu ya kwanza mliyapeleka wapi?

Mwaka 2025 kila mtu aliona wazi. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na baada ya hapo mikataba mingi haikurudi kabisa. Katika kambi nyingi watu walipoteza kazi ndani ya wiki chache. Kwetu pia, kituo ambacho watoto walikuwa wanakwenda mara mbili kwa wiki kilibaki na kufuli. Mipira mikubwa ya mazoezi, mikeka na vioo vikabaki ndani. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwishaondoka, na aliyebaki alisema hana ruhusa ya kufungua kwa sababu mali ni ya mradi na mradi umesimama. Tunamwelewa, naye aliogopa kazi yake. Lakini fikiria: watoto wako hapa, mama zao wako hapa, sisi tuko hapa, vifaa viko hapa, na hakuna hata mmoja kati yetu mwenye mamlaka ya kufungua mlango.

Akina mama sita wakafanya kitu. Walianza kukutana uani kwa mmoja wao, chini ya hema lililochakaa, Jumanne na Ijumaa. Walitumia blanketi iliyokunjwa badala ya ule mpira wa kumlalia mtoto. Walikumbushana mazoezi: huyu mguu tulikuwa tunanyoosha namna gani, tulikuwa tunahesabu mpaka ngapi? Mmoja anajua Kirundi na Kiswahili, akawa anatafsiri kati ya Warundi na sisi Wakongomani, maana mnajua wengine hata Kiswahili kinawapiga chenga, wanaongea Kibembe tu. Sisi vijana kazi yetu ilikuwa kubeba maji na kukaa na wadogo zao wasiende barabarani. Hapakuwa na mratibu, hapakuwa na karatasi ya mahudhurio, na mahudhurio yalikuwa mazuri kuliko ya kituo. Tukijiuliza kwa nini, jibu siyo gumu: ratiba waliipanga wenyewe. Waliacha siku ya mgao wa chakula na asubuhi ya kuchota maji. Kituo kilikuwa kinaweka mazoezi siku hizo hizo, kisha kinaandika kwenye ripoti kwamba wazazi hawana mwamko.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwaka 1981, milimani huko Sinaloa, Meksiko, katika kijiji cha Ajoya, ulianza mradi uitwao PROJIMO wa kuwahudumia watoto wenye ulemavu. Walioendesha mradi huo walikuwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wenye ulemavu, na wengi hawakuwa na shule kubwa. Walitengeneza viti, magongo na vifaa vya kusimamia kwa mbao na vyuma vya kijijini. Kutokana na kazi ile David Werner, ambaye naye ana ulemavu wa misuli, aliandika kitabu cha Disabled Village Children mwaka 1987, na mpaka leo kinatumika nchi nyingi kwa sababu kina michoro na kinaeleweka hata na mtu asiye daktari. Ukienda Uingereza utakuta mambo ni yale yale. Chama kikubwa kinachoitwa Mencap kilianzishwa mwaka 1946 na Judy Fryd, mama ambaye binti yake alikataliwa na shule. Mwaka 1962 wazazi wengine walianzisha chama cha usonji, na mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa akili aliyekuwa pia mama wa binti mwenye usonji. Kwa hiyo wafadhili wanaotushangaa tukisema mama aongoze, kwao huko nyumbani huduma zilianzishwa na akina mama. Si ndiyo?

Tunajua mtakachotujibu. Mtasema wakimbizi nao wana upendeleo. Ni kweli, wanao. Tumeona kamati ambayo mwenyekiti aligawa viti mwendo kwa watu wa kabila lake kwanza. Tumeona kiti cha mtoto kikikalisha mzee wa kanisa kwa sababu yeye ni mkubwa na mtoto "hata hivyo hajui". Tumesikia pia maneno mabaya kuhusu akina mama wenyewe, kwamba fulani anamtumia mtoto ili familia ipelekwe nchi ya tatu. Sisi tunasema upendeleo hauponywi kwa kumwachia mgeni funguo zote. Mgeni naye anapendelea, ila wa kwake hatuuoni vizuri: anapendelea mwenye kuongea Kiingereza au Kifaransa, anayekaa karibu na barabara ambapo gari linafika, na mtoto anayependeza kwenye picha. Dawa ni orodha iliyobandikwa ukutani ambayo kila mzazi anaweza kuisoma au kusomewa: mtoto namba fulani anasubiri kiti tangu mwezi fulani. Namba, siyo jina, ili kulinda siri yake. Na uongozi uwe wa mwaka mmoja, kisha wazazi wachague tena.

Mtasema pia siri za watoto zitatoka nje. Hapo mna haki, na jibu ni kufundisha. Sisi tulifundishwa kutunza siri kwa siku mbili tu, kisha mkatutuma majumbani. Mama anaweza kufundishwa hiyo hiyo.

Kuna jambo la orodha ambalo watu wengi hawalijui, wacha tulieleze. Mara nyingi wanapohesabu watu wenye ulemavu kambini wanatumia maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Ni maswali mazuri kwa watu wazima. Kwa watoto hayatoshi, na kwa wale wa chini ya miaka mitano hayafai, maana mtoto wa miaka miwili nani anategemea ajihudumie? Mwaka 2016 UNICEF pamoja na wale waliotunga maswali sita walitoa maswali mengine ya watoto wa miaka 2 hadi 17, yanayouliza habari za kucheza, kujifunza, tabia, kukubali mabadiliko, kupata marafiki. Mtoto wa usonji anayetembea vizuri, anayeona vizuri, lakini hamtazami mtu usoni na anapiga kelele kila kengele ya shule ikilia, anaonekana kwenye maswali haya ya pili. Kwenye yale sita ni rahisi kumpita kabisa. Na anayejibu maswali ni mzazi. Kama aliyekuja kuuliza ni kijana mgeni mwenye haraka na tableti, mama anasema "hana shida" ili aondoke. Tumeona hilo mara nyingi sana. Akiuliza mama mwenzake ambaye mtoto wake ana hali hiyo hiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa, na wakati mwingine mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma anatolewa.

Sheria iko upande wetu, ingawa hatutaki kuwachosha na sheria. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, Tanzania iliuridhia 2009. Ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, washirikishwe kwa karibu kupitia vyama vyao katika maamuzi yanayowahusu, na ibara ya 11 inazungumzia hali za hatari na dharura kama hii yetu. Miongozo ya mashirika ya kibinadamu ya 2019 nayo imeweka ushiriki kuwa moja ya mambo ya lazima. Basi anayesema "kwa dharura hakuna muda wa kushirikisha" atuambie dharura yetu ina umri gani. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Wengine kati yetu tumezaliwa hapa.

Tukifika kwenye pesa, ndipo watu wanaangalia chini. Kuna ujanja mmoja tunaukataa mapema: kumpa mama cheo cha uongozi bila posho, halafu kumpongeza kwamba ana moyo. Mama wa mtoto huyu hawezi kuacha mtoto aende kutafuta kibarua. Hawezi kusimama foleni muda mrefu. Wengine waume zao waliondoka mtoto alipofika miaka miwili bila kukaa. (Akina papa, na ninyi tutawaandikia makala yenu. Lakini wawili wanaokuja kila Ijumaa na watoto wao tunawaheshimu sana, na tungependa mmoja wao awe kiongozi pia, kwa sababu wanaume wengine wanawasikiliza kuliko sisi.) Kama sisi vijana tusio na watoto tunapata insentivu kwa kutembelea nyumba kumi, yule anayeongoza mazoezi ya watoto kumi na wawili akiwa na wake mapajani hawezi kupata pungufu yetu. Na sisi tumekubaliana kikundini: bajeti ikiwa ndogo, nafasi mbili za insentivu kati ya zetu ziende kwa akina mama. Haikuwa rahisi. Wawili wetu walikasirika na mmoja amehama kikundi. Tunamheshimu, ana wadogo zake wa kusomesha.

Sasa tunachoomba. Kila mtoto awe na daftari lake linalokaa nyumbani, siyo ofisini: mazoezi yake, dawa yake ya kifafa kama anayo na kiasi chake, anavyolishwa, jina la hospitali aliyopewa rufaa. Mradi ukiisha, daftari linabaki. Familia ikirudi Burundi au ikihamishiwa kambi nyingine, kama ilivyotokea Mtendeli ilipofungwa 2021, daftari linakwenda nao. Gharama yake ni daftari la shule.

Vifaa vinavyokuja kambini kwa ajili ya watoto hawa viandikiwe tangu siku ya kwanza kwamba mradi ukisimama vinabaki kwa kamati ya wazazi, na ufunguo wa pili uwe kwao. Fizio wa mkataba ajaye apewe kazi mbili kwenye mkataba wake: kutibu, na kufundisha akina mama wanne vizuri kiasi kwamba akiondoka wanajua nini cha kufanya na nini wasifanye, kwa mfano kutolazimisha kiungo kilichokaza. Kabla hajapokelewa, wazazi wawili wakae kwenye usaili wamuulize maswali yao. Tunajua hata swali la kwanza, maana mama mmoja amekwisha kulisema: "Utaweza kuketi chini kwenye mkeka na sisi, ama utasimama?"

Kikao cha kupanga bajeti ya mwaka ujao kimekaribia. Mpaka leo hakuna mzazi aliyealikwa. Tumepeleka majina matatu ofisini, mawili ya akina mama na moja la papa, na tumeomba kikao kisiwekwe siku ya mgao, kiwe na mtu wa kutafsiri Kirundi na Kibembe, na kiwe na mahali pa kulaza watoto, maana watakuja nao. Bado tunasubiri jibu. Ninyi wa kambi nyingine, tuandikieni hapa chini kwenu imekuwaje, hasa kama kuna mahali ambapo mzazi tayari anaongoza na analipwa. Na ninyi wa mashirika mliosoma mpaka hapa, yale majina matatu yako kwenye bahasha ya kaki, tuliipeleka mapokezi.